Vifaranga 20,000 vya ngege: vya ziwa lipi?

Wazo lenyewe linaeleweka haraka: wakazi wa mwalo mmoja wa Ziwa Victoria wajitolee, watotoleshe ngege (Oreochromis esculentus), wamrudishe majini alikotoweka. Ni samaki wa asili ya ziwa hili, mtamu, na leo amepungua mno.

Kiufundi inawezekana, tena kwa gharama ndogo. Jike wa ngege hutamia mayai mdomoni. Dume 1 na majike 2 huwekwa kwenye chandarua chenye matundu madogo, na kila baada ya siku 5 hadi 7 majike hukaguliwa, mayai yakasuuzwa kutoka mdomoni hadi kwenye beseni. Kutoka hapo yanaingia kwenye chupa ya soda ya lita 2 iliyokatwa kitako na kupinduliwa, maji yakipanda kutoka chini. Kazi yote iko kwenye koki: mayai yajigeuze polepole, kama uji unaoanza kuchemka. Maji yakizidi nguvu, mayai hupigwa ukutani yakapasuka. Yakilegea, ya chini hushikamana na kukosa hewa, na moja likifa kuvu huhamia kwa majirani. Yaliyogeuka meupe yafyonzwe kwa mpira mwembamba asubuhi na jioni. Kwenye nyuzi 28 huanguliwa ndani ya siku 3 hadi 5, na mnamo siku ya 10 kiini kimekwisha, kifaranga anaogelea na kutaka chakula cha unga.

Kinachosumbua ni saa nane usiku umeme unapokatika. Chupa 5 zinazopitisha lita 2 kwa dakika kila moja zitamaliza simtanki la lita 1,000 kwa dakika 100. Kikundi kisicho na zamu inayoheshimiwa hata mkesha wa Krismasi, bora kifuge nyuki.

Tuseme zamu ipo, na vifaranga 20,000 wamekua salama. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, yaani kifaranga mmoja kwa zaidi ya kilomita 3 za mraba, katikati ya sangara, samaki mla wenzake. Isitoshe, nyavu zilishaanza kummaliza ngege kabla sangara hajaletwa miaka ya 1950. Michael Graham, aliyechunguza uvuvi wa ziwa mwaka 1927 na 1928, alipendekeza matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Kumwaga vifaranga mbele ya kokoro, wavu wa kukokota, ni kulisha kokoro.

Wapo wanaotaka njia ya mkato: kununua vifaranga kwa wafugaji. Hapo kuna mitego miwili. Wengi wanaouzwa ni sato, ndugu wa ngege lakini spishi nyingine, na mara nyingi wamelishwa homoni kwa wiki tatu ili wote wawe madume. Kwenye bwawa la biashara ni sawa. Ziwani madume matupu hayazai yenyewe kwa yenyewe, lakini uwezo wa kuzaa yanao, na yatapandana na ngege na kuharibu mbegu. Mahuluti ya namna hiyo yamebainika kwa vipimo vya vinasaba hata katika Ziwa Kanyaboli, Siaya, Kenya, moja ya makimbilio ya ngege. Kwa macho, sato ana mistari ya wima mkiani na ngege hana, lakini chotara anaweza kukudanganya, kwa hiyo wazazi wapimwe maabara.

Hata hivyo hoja ya kutotolesha haifi. Inahamia kwenye maji madogo: malambo na viziwa visivyo na sato, ambako vifaranga 20,000 ni wengi na nyavu zinaweza kusimamiwa na kijiji chenyewe. Huko kikundi kinatunza mbegu safi, kazi ambayo mfugaji wa biashara hana sababu ya kuifanya.

Sharti ni idadi ya wazazi. Kwa kanuni ya kawaida ya uzalishaji, wazazi 30 wenye madume 2 tu ni sawa na wazazi 7 hivi kwa urithi, maana nusu ya urithi wote hupita kwa hao wawili. Wakiwa madume 10 na majike 20, wanafika karibu 27. Kwa hiyo vyandarua viwe 10, dume 1 kila kimoja, maana wakichanganywa dume mbabe huwafukuza wenzake na kuzaa peke yake. Na wazazi wapya waingizwe kila baada ya misimu michache, nao wakiwa wamepimwa.