Siku Kompyuta Ilipomkaribisha Mgeni wa Baba

Binamu ya baba alikuja kwetu kwa siku tatu akakaa wiki saba. Lawama ya zile wiki sita na siku nne za ziada tuligawana mimi na kompyuta: yeye kwa kusema, mimi kwa kudanganya.

Ilikuwa mwaka 1988, nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, alikuwa ametuletea kutoka Hamburg kompyuta ya Commodore 64 iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, mashine ya rangi ya kahawia isiyokolea, iliyofura kama boflo. Tuliichomeka nyuma ya televisheni, mahali pa waya wa antena, na kila ilipowashwa ilionyesha skrini ya buluu yenye maandishi ya kutangaza kwamba umebakiwa na baiti 38911 za kumbukumbu za kutumia. Baba, ambaye alikuwa karani bandarini na aliyezoea hesabu zisizobakiza kitu, aliitazama namba hiyo kwa heshima kubwa na kusema kwamba yeye tangu azaliwe hajawahi kubakiwa na kiasi hicho cha kitu chochote.

Michezo yenyewe ilikuwa ndani ya kanda za kaseti, na hapa inanibidi nieleze kwa ajili ya waliozaliwa baadaye, wanaodhani kwamba mchezo ni kitu cha kugusa kioo ukafunguka. Ulitia kanda katika kinasa chake, ukabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mashine ikakuamuru ubonyeze kitufe cha kuchezesha kanda, kisha skrini ikafutika yote ikabaki buluu ya mpauko, nawe ukakaa kusubiri kwa muda ambao mama yangu aliweza kukaanga mahamri ya watu watano na kuwaita mezani. Mtu aliyesubiri namna hiyo hakubali kupewa jina la mchezo na orodha ya vitufe basi. Anataka apokewe, na watengenezaji wa siku zile walilijua hilo vizuri, ndiyo maana walitia katika dakika ya kwanza ya mchezo vitu ambavyo mashine yenye kilobaiti 64 tu za kumbukumbu haikupaswa kuviweza.

Mchezo nilioupenda kuliko yote ulikuwa Impossible Mission, ulioandikwa na Dennis Caswell na kutolewa na kampuni ya Epyx ya Marekani mwaka 1984. Wewe ni jasusi unayeingia katika ngome iliyo chini ya ardhi, ngome ya mwanasayansi mwovu aitwaye Elvin Atombender. Mchezo unapoanza umesimama ndani ya lifti, pembeni hakuna kitu, hakuna muziki wa kukuliwaza, na ghafla sauti ya mwanamume inatoka katika spika ya televisheni, sauti ya Kiingereza cha kizungu hasa, nzito, ya taratibu, ya mtu aliyekwisha kunywa chai yake akatulia, inasema: “Mgeni mwingine. Kaa kidogo… kaa milele!”

Haikuwa milio ya kuigiza sauti. Yalikuwa maneno ya mtu, yaliyotayarishwa na kampuni ya Electronic Speech Systems ya Marekani, yakabanwa mpaka yakaenea katika kumbukumbu ile ndogo, halafu yakatolewa kwa kuichezeachezea sehemu ya sauti ya kompyuta ambayo kazi yake halisi ilikuwa kupiga noti tatu za muziki kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza nilipoisikia nilitoka sebuleni mbio mpaka uani, na dada yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na ana watoto, bado anasimulia kwamba nilikimbia na kiatu kimoja.

Sasa mgeni. Tulimwita Ami Mwalimu, kwa sababu alikuwa amesomesha Kiingereza shule za Lamu maisha yake yote mpaka alipostaafu. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila alikuwa na uwezo wa kukaa. Safari ya kabla yake alikuja kununua miwani akaondoka baada ya miezi mitatu, miwani ikiwa imepatikana siku ya nne. Kwa hiyo barua yake ilipofika, ikisema kwamba atavuka mpaka Mokowe na kupanda basi la asubuhi, baba alituita sote na kutupa msimamo wa nyumba: siku tatu, ukarimu kamili, na asisikike mtu yeyote akisema “mbona mapema” mgeni atakapotaja kuondoka.

Baba alipanga kila jambo isipokuwa mimi. Alikuwa amekataza kompyuta isiwashwe siku za shule kabla ya sala ya Isha, lakini jioni ile alikwenda msikitini, mama akawa jikoni, nami nikaona kwamba muda wa kwenda na kurudi msikitini unatosha. Watoto watatu wa jirani walikuja kushuhudia ajabu ya mashine inayosema, na kwa kuwa nilitaka waajabie ipasavyo niliongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Kanda ikazunguka, tukasubiri. Lifti ikatokea. Na wakati uleule, nyuma yetu mlangoni, mtu akapiga hodi.

Hakuna aliyeitikia. Sisi sote wanne macho yetu yalikuwa katika skrini, na aliyeitikia ni Elvin Atombender.

“Mgeni mwingine,” akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. “Kaa kidogo… kaa milele!”

Nilipogeuka nilimwona Ami Mwalimu kizingitini, kanzu imejaa vumbi la safari, mguu mmoja umevuliwa kiatu na mwingine bado, na uso wake umebadilika kabisa. Kwanza alitazama huku na huku kumtafuta Mzungu. Alipojulishwa kwamba aliyesema ni mashine, alikaa kwenye sofa polepole, akaliweka kapu lake chini, akaniuliza kwa upole: “Ni babako aliyeniwekea maneno haya?”

Hapo ndipo niliposhika njia ya upotevu. Ningesema hapana, lingefuata swali la nani aliyeiwasha mashine, na baada ya swali hilo lingefuata jambo jingine ambalo baba alilifanya kwa mkanda wa suruali. Nikasema ndiyo.

Baba aliporudi alikumbatiwa kabla hajavua viatu. Ami alimweleza, machozi yakimlengalenga, kwamba amealikwa na watu wengi katika maisha yake lakini hajawahi kuona mtu aliyekwenda mpaka Ulaya kutafuta namna ya kumkaribisha mgeni, tena kwa Kiingereza fasaha namna ile, chenye kituo mahali pake baina ya “kidogo” na “milele”. Baba alinitazama juu ya bega la binamu yake. Ni mtazamo ambao nimewahi kuuona mara nyingine moja tu, kwa mbuzi, asubuhi ya Idi.

Tatizo la baba lilikuwa la adabu. Angesema kwamba maneno yale ni ya mtu mwovu anayemwambia adui kuwa hatatoka hai, angekuwa anamwambia mgeni, tena mkubwa wake kwa umri, kwamba nyumbani hapa hakukaribishwa na mtu ila muuaji. Alinyamaza, na kunyamaza kukawa kuridhia.

Waswahili wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini Kibokoni hatuna shamba, kwa hiyo siku ya tatu mama alimpa kapu la soko. Ami alilipokea kwa furaha, akaenda Marikiti, akashindana na wauzaji mpaka wakachoka, akarudi na changu watatu kwa bei ambayo mama hajawahi kuipata kabla wala baada, kisha akaeleza jinsi anavyopenda wapakwe. Kuanzia siku hiyo mama akawa upande wake, jambo lililomwacha baba peke yake vitani.

Ikawa desturi. Kila jioni, kabla ya chakula, Ami alikaa kwenye sofa lile na kuniambia nimwite “mwenyeji”. Nami, ambaye zamani nilikatazwa kuiwasha mashine siku za shule, nikawa ninaamrishwa kuiwasha kila siku, mpaka nikaanza kuichukia. Akija jirani kumsalimu, aliambiwa asubiri asikie. Ndani ya mchezo ule jasusi hupewa saa sita tu, saa inakimbia, na kila akianguka katika shimo anakatwa dakika kumi. Nilikuwa nikiitazama saa ile na kuwaza kwamba hata Elvin Atombender, pamoja na uovu wake wote, alimwekea mgeni wake muda wa kuondoka.

Mwisho wa wiki ya tatu baba aliniita faragha barazani. Aliuliza kama mashine ile haina neno jingine la kusema. Nikamwambia lipo: ukiingia vyumba vingine, yule mwovu huwaamuru walinzi wake, “Mwangamizeni, maroboti yangu!” Baba alifikiri kwa muda mrefu, akasema, “Basi leo jioni yasemwe hayo.”

Kuyapata haikuwa rahisi kama alivyodhani. Sauti ile haiji kwa kuitwa, inakuja mashine ikitaka, na ilinibidi niingie chumba baada ya chumba, nikiruka juu ya maroboti, nikipekua masofa, meza na mabafu ya chuma ya watu nisiowajua, maana vipande vya siri, ambavyo ni 36, vimefichwa ndani ya samani. Mara mbili nilianguka shimoni, na jasusi akianguka hupiga ukelele mrefu wa kufifia ambao ulimfanya nyanya yangu chumbani asome Ayat al-Kursi. Hatimaye sauti ikaja: “Mwangamizeni, maroboti yangu!” Baba alikohoa kidogo, akamtazama binamu yake.

Ami alikuwa akimenya chungwa. “Hiyo,” alisema bila kuinua macho, “ni nafsi ya tatu umoja. Mimi angenisemesha kwa nafsi ya pili, kama alivyofanya mlangoni. Anayetajwa hapo ni huyu mtoto, na kwa kweli amezidi fujo.”

Baba hakukata tamaa. Upande wa pili wa kanda kulikuwa na Ghostbusters, mchezo wa David Crane wa mwaka huohuo wa 1984, unaohusu watu wanaolipwa kuondoa mizimu majumbani, na baba aliona maudhui hayo yanakaribia shabaha. Alikosea vibaya. Mchezo ule unafunguka kwa wimbo, maneno yake yanapita chini ya skrini, na kijimpira kinaruka juu ya kila silabi ili watu waimbe pamoja. Ami alisimama. Kwa miaka yote ya kazi yake alikuwa amewasomesha watoto kwa kugonga ubao silabi kwa silabi na kijiti, na hapa alikiona kijiti chake kikifanya kazi chenyewe. Mama aliitwa kutoka jikoni, nyanya aliitwa, watoto wa jirani wakajaa dirishani, na somo likaendelea mpaka saa nne za usiku. Alipogundua kwamba kile kitufe kirefu cha chini ya kibodi kikibonyezwa mashine inapiga kelele ya jina la mchezo, alikibonyeza kila alipomaliza mstari, kama mtu anayewaitikisha wanafunzi. Baba alikwenda kulala na njaa.

Aliyetuokoa ni mama, naye hakukusudia. Kanda yetu haikuwa ya dukani, ilikuwa kanda ya dakika 60 iliyonakiliwa melini, isiyo na kizuizi chochote cha kurekodi juu yake, na alasiri moja redio ilipiga taarabu aliyokuwa akiitafuta kwa miezi. Alichukua kaseti ya kwanza iliyomjia mkononi, na kwa kuwa taarabu ilikuwa tamu aligeuza na upande wa pili.

Jioni Ami alikaa mahali pake. Nilitia kanda, nikabonyeza, skrini ikawa buluu ya mpauko, tukasubiri. Kinasa kile hakina spika, kwa hiyo hapakusikika kitu. Kanda ilizunguka kimya, ndani yake watu wakipiga fidla na ganuni kwa nguvu zao zote, na mashine ikisikiliza bila kuelewa hata noti moja. Mahamri yalikwisha, chai ikapoa. Baada ya nusu saa Ami aliinuka, akatikisa kanzu yake, akasema kwa sauti ya chini: “Mwenyeji amenyamaza.” Akaenda kufunga kapu lake.

Aliondoka alfajiri kabla hatujaamka. Juu ya kompyuta, mahali palipovimba zaidi, tuliikuta barua katika bahasha, ya Kiingereza, kwa mwandiko wa kupinda wa mwalimu, imeandikiwa “Bwana Mwenye Sauti”. Alimshukuru kwa ukarimu wake, akamwomba radhi kwamba shughuli za nyumbani zimemzuia kukaa milele kama alivyoombwa, akasahihisha kwa heshima matamshi ya neno moja, na akaahidi kwamba baada ya Ramadhani atarudi, safari hiyo pamoja na mkewe, ambaye naye angependa kukaribishwa.

Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama namfahamu mtu yeyote mjini ambaye angeweza kuinunua mashine ile kabla ya mwezi kuandama.