Kutekwa Si Kusaliti: Kisa cha Yakov Dzhugashvili

Yakov Dzhugashvili, mtoto wa kwanza wa Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alitekwa na Wajerumani karibu na Vitebsk Julai 1941, akiwa luteni wa kikosi cha mizinga. Aprili 1943 akafia katika kambi ya Sachsenhausen: aligombana na mateka Waingereza aliokaa nao kibanda kimoja, akakimbilia uzio wa umeme, mlinzi akampiga risasi.

Wanaomtetea baba wana hoja. Svetlana, dada wa Yakov, alisimulia kwamba Wajerumani walitaka kubadilishana mateka, Stalin akakataa. Hapo mimi simlaumu. Wazazi wangapi walikuwa na wana mikononi mwa adui? Kumkomboa wa mkubwa peke yake kungewauma wengine wote.

Ila kukataa kubadilishana ni jambo moja, kumhesabu mateka kuwa msaliti ni jingine kabisa. Amri Namba 270 ya Stalin, ya Agosti 16, 1941, iliagiza familia za makamanda waliojisalimisha zikamatwe, na za askari wa kawaida zinyimwe msaada wa serikali. Yulia, mke wa Yakov, aliwekwa kizuizini hadi 1943. Kosa lake lilikuwa ndoa.

Amri hiyo ilidhani askari hutekwa kwa kupenda. Mwezi uliofuata majeshi mazima yalizingirwa Kiev, na Wajerumani wakadai kukamata zaidi ya watu laki sita. Walikuwa wanakimbilia usalama? Kati ya askari wa Kisovieti wapatao milioni 5.7 waliotekwa katika vita vile, takriban milioni 3.3 walikufa. Zaidi ya nusu! Waingereza na Wamarekani walioshikiliwa na Wajerumani haohao, waliokufa hawakufika watano katika kila mia. Berlin ilijitetea kwamba Moscow haikuwa imejiunga na Mkataba wa Geneva wa 1929 unaolinda mateka wa vita, kana kwamba bila saini mtu hastahili paa wala mkate. Kwa hiyo askari yuleyule aliuawa kwa njaa na adui, na nyumbani jina lake likaandikwa pamoja na waoga. Anayesema alichagua njia rahisi aitazame tena hiyo milioni 3.3.

Mwaka 1977 Yakov alitunukiwa Nishani ya Vita ya Uzalendo, marehemu. Mateka wasio na baba mkubwa walisubiri amri ya Rais Yeltsin wa Urusi ya Januari 1995 ndipo warudishiwe haki zao kikamilifu, wengi wao wakiwa wameshazikwa.