Matone ya chuma si ya kila mtoto

Kuna mwandishi anayeshauri kila mzazi ampe mtoto matone ya madini ya chuma "kwa usalama tu". Taratibu jamani, Pemba ilishatufunza! Utafiti uliochapishwa 2006 kwenye jarida la Lancet, enzi kisiwa kimejaa malaria, ulionyesha watoto wa chini ya miaka 3 waliopewa chuma na asidi ya foliki (aina ya vitamini) walilazwa au kufariki zaidi, kwa kama asilimia 12, kuliko wasiopewa. Dozi hizo zikasitishwa mapema. Ila wenye upungufu wa chuma, waliofuatiliwa na kutibiwa malaria, walinufaika. Kwa hiyo damu ipimwe kwanza, ndipo tuzungumze matone. Dagaa na maharage, vyakula vyenye chuma, pikeni tu, hayo hayangoji daktari.