Kitunguu cha mvua au cha kiangazi? Hesabu ya mkulima wa Dodoma

Kila mwaka, mawingu ya Novemba yakianza kujikusanya, swali lile lile hurudi kwa wakulima wa vitunguu mkoani Dodoma: tupande na mvua, au tusubiri kiangazi? Upande mmoja unasema kitunguu cha mvua ndicho chenye faida, kwa kuwa maji ni ya bure na huchomi mafuta ya pampu. Upande wa pili unajibu kwamba kitunguu hicho huliwa na ukungu shambani, na kinachosalimika huozea kwenye gunia. Mimi nimelima kwa njia zote mbili na kupata hasara kwa zote mbili. Nilichojifunza ni kwamba tarehe ya kusia mbegu ni kinga kubwa kuliko dawa yoyote iliyoko dukani. Hata hivyo, wapandaji wa mvua wana hoja, na inastahili kusikilizwa kwanza.

Mvua ya Dodoma kwa wastani ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kitunguu, kwa makadirio ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kinahitaji milimita 350 hadi 550 kwa msimu. Kwenye karatasi, maji yanatosha. Ndugu zetu wa Singida wanalima kitunguu cha mvua miaka nenda rudi, na kitunguu chao kina jina sokoni. Penye udongo wa kichanga, maji hayatuami kwenye mizizi. Na mkulima akihamishia miche shambani mwishoni mwa Januari, zao linakomaa Mei, mvua zimekata, shingo za vitunguu zinakauka zenyewe. Kwa mtu asiye na kisima wala mto jirani, hiyo ni njia halali, na anayemkataza inabidi amwonyeshe maji mengine yako wapi.

Tatizo ni kwamba mvua yetu haiji kwa wastani. Inanyesha kwa kishindo siku tatu, kisha Februari inaweza kukaa wiki mbili au tatu jua kali tupu. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, mingi iko kwenye sentimita 30 za juu, kwa hiyo ukame mdogo tu unakigusa mapema kuliko mtama au uwele wa jirani. Katika wiki hizo za jua, vithiripi wanazaliana. Wengi hudhani hao ni wadudu wa kiangazi peke yake na mvua inawamaliza. Kweli, mvua kubwa huwaosha na kuwaua kwa wingi, lakini ikikatika wanarudi haraka, na wanapokwangua jani na kulifyonza maji yake wanaacha vidonda. Mvua inaporejea, majani yakashinda na kukesha na unyevu, ukungu wa baka zambarau, ugonjwa unaoacha madoa ya zambarau kwenye majani, unaingilia pale pale. Kitunguu cha mvua kwa hiyo hakimkwepi mdudu. Kinaweza kumpata mdudu na ugonjwa kwa pamoja, katika msimu ambao dawa unayopiga asubuhi inaoshwa jioni.

Kiangazi nacho kina adui wake, na ni kithiripi huyu huyu. Inafaa nikae hapa kidogo, maana ndipo pesa nyingi za wakulima zinapopotelea. Kithiripi ni mdogo, urefu wake milimita moja au zaidi kidogo. Jike hutaga mayai ndani ya nyama ya jani, ambako dawa nyingi haziyafikii. Watoto wake hujibana pale majani yanapokutana, karibu na shingo. Wakishakua hudondoka chini na kujificha kwenye udongo bila kula, kisha hutoka wakiwa na mabawa. Joto likikaribia nyuzi 30, mzunguko wote huo unakamilika ndani ya wiki mbili hivi. Sasa fikiria mtu anayebeba bomba na kupulizia majani kwa juu juu: mayai yamo ndani ya jani, watoto wako shingoni, wengine wako ardhini. Jani lenyewe lina nta, na matone yanateleza. Siku tano baadaye shamba limejaa tena, naye anasema dawa ni feki.

Wakati mwingine ni feki kweli, sibishi. Mara nyingi zaidi, kosa ni kurudia dawa ya kundi lile lile, yaani zinazoua kwa namna moja, wiki baada ya wiki mpaka wabakie wadudu wanaoihimili, au kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja kwa matumaini kwamba mojawapo itapatia. Mwaka mmoja nilifanya hivyo kwa ushauri wa muuzaji, majani yakaungua ncha na vithiripi wakaendelea kula. Tangu hapo sipulizi kabla ya kufunua shingo za mimea kadhaa sehemu mbalimbali za shamba na kuhesabu. Kipimo kinachotumika mahali pengi ni wastani wa mdudu mmoja hadi watatu kwa jani. Wakiwa chini ya hapo nasubiri. Wakizidi, napuliza jioni, maji yakiwa na gundi ya kushikisha dawa, bomba likielekezwa shingoni, na raundi inayofuata nabadilisha kundi la dawa. Namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziko kwenye lebo, nazo zinamhusu mlaji ambaye hatakuja kuliona shamba.

Wapo wanaoona kuhesabu wadudu ni anasa ya mwenye robo ekari. Wana sehemu ya ukweli: mwenye ekari tano na vibarua wawili anatamani ratiba rahisi, dawa kila Jumamosi. Ila ratiba hiyo inaua pia wadudu rafiki wanaokula vithiripi, na gharama yake inapanda kila msimu.

Mbinu nyingine zinasifiwa kwenye semina lakini Dodoma zina kasoro zake. Kutandaza nyasi hupunguza vithiripi na kutunza unyevu, ila huku mabua ni chakula cha ng'ombe, na yanayobaki yanaliwa na mchwa. Umwagiliaji wa matone unaokoa maji, lakini haumsumbui mdudu hata kidogo. Wa kunyunyizia juu unamwosha, na kwa hewa yetu kavu jani linakauka upesi ukimwagilia asubuhi, kwa hiyo hofu ya ukungu Julai si kubwa kama ilivyo mikoa yenye unyevu. Mistari michache ya mahindi upande upepo unakotokea nayo inasaidia, kwani kithiripi huruka vibaya na kwa sehemu kubwa hubebwa na upepo.

Nirudi kwenye tarehe. Anayesia mbegu Mei anahamisha Julai, na kitunguu chake kinatunga, yaani kinajaza chini, kati ya Agosti na Oktoba, upepo na joto vikiwa vimepamba moto. Hicho ndicho kiangazi kinachotisha. Anayesia katikati ya Machi anahamisha mapema Mei, na kitunguu kinatunga Juni na Julai, usiku nyuzi zikishuka hadi 13 au 14. Baridi hiyo inamchelewesha mdudu kuzaliana, na mavuno ya Agosti yanakauka bila tone la mvua. Gharama yake ni kwamba kitalu kinaangukia kwenye mvua za mwisho, na kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga shinani, kinaweza kuifyeka usiku mmoja. Inabidi tuta liinuliwe, kichanja cha nyasi kiwe juu, na mbegu isibanane. Tena miche ikipitiliza unene wa penseli kabla ya baridi, mingine itatoa maua badala ya kutunga. Bado naona ni afadhali kulinda kitalu cha hatua kumi kuliko ekari nzima. (Kitunguu saumu ni habari nyingine. Kinataka baridi ya kweli ili kigawanyike punje, na wenzetu wa Mbulu ndio wenye mahali pake.)

Ninapoyumba ni kwenye maji. Kitunguu cha kiangazi kinanywa kutoka mtoni, bwawani au kisimani, na si kila maji yanakifaa, kwa kuwa ni miongoni mwa mboga zinazoumia upesi kwa chumvi. Maji yenye ladha ya magadi yanaweza kukidumaza kabla mdudu hajafika, na mkulima akaendelea kununua dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Kupima maji kabla ya kuchimba majaruba ni gharama ndogo mno kulinganisha na hasara hiyo. Zaidi ya hapo, mji wa Dodoma unakua kwa kasi na unategemea sana visima vya Makutupora. Kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo kila pampu shambani itakavyoulizwa inachota kutoka wapi. Mpwapwa, kwenye mabonde yenye mito, jibu lipo. Kwa anayechimba kisima kirefu nyikani ili alime ekari mbili za vitunguu, sina hakika kwamba ningemshauri aache mvua. Ningemwambia ahamishe mwishoni mwa Januari, achague sehemu yenye kichanga, na asirudie vitunguu kwenye eneo lile lile mwaka unaofuata, kwa sababu ukungu unaoozesha kitako hubaki ardhini ukimsubiri.