Nyumba za bei nafuu Diani: wafanyakazi wa hoteli wauziwe au wapangishiwe?

Hoteli za Diani, kusini mwa Mombasa, zimejipanga ufuoni. Wanaozifanya zikae wazi, yaani wapishi, wasafisha vyumba, walinzi na wahudumu wa baa, wengi wao wanalala Ukunda, upande wa bara, katika chumba kimoja cha kupanga. Ama ni nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na milango huku na huku, ama ni ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari mmoja na choo cha pamoja. Siku hizi mwenye nyumba karibu na barabara ya ufuoni ana chaguo jingine: kuvitengeneza vyumba vyake na kuvitangaza Airbnb, mtandao wa kukodisha vyumba kwa wageni wa siku chache. Treni ya Mombasa iliyoanza 2017 na barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri ya Likoni zimewaleta hata wageni wa Nairobi wa mwisho wa wiki. Ni biashara njema, ila inamsukuma mpangaji mbali na kazi yake, na anayetoka zamu saa sita za usiku hulipa bodaboda kutoka mshahara uleule.

Jibu la serikali ya Kenya ni Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024. Mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, ili zijengwe nyumba za kuuzwa kwa bei nafuu. Wanaoitetea wana hoja nzito. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi ya kadiri inayofaa. Wenye ploti peke yao hawawezi kuleta mtaro wa majitaka, wala maji yasiyo ya chumvi ya kisima. Na kuna jambo linaloniuma kila ninapolifikiria: mtu aliyelipa kodi ya nyumba kwa miaka 25 anastaafu bila hata tofali moja. Mpango unaomwezesha kumiliki haupaswi kudharauliwa.

Taabu ni kwamba mpango huu umekatwa kwa kipimo cha mtu mwenye mshahara wa kila mwezi. Diani haiko hivyo. Masika ya Aprili hadi Juni yakifika, baadhi ya hoteli hufunga na nyingine hupunguza watu. Wa kandarasi na vibarua huambiwa wangoje simu. Hiyo ni miaka ya kawaida. Mwaka 2014 tahadhari za usalama kutoka nchi za Ulaya zilivunja msimu mzima, na 2020 ndege za abiria za kimataifa zilizuiwa tangu Machi 25 hadi Agosti 1. Malipo ya kununua nyumba hayajui masika. Chukua mfanyakazi wa shilingi 25,000 kwa mwezi na nyumba ya milioni 1.5. Amana ya asilimia 10 ni 150,000, mishahara sita mizima. Hata ikishuka hadi asilimia 5 bado ni mitatu. Wakati huohuo anakatwa 375 kila mwezi anapokuwa kazini, kwa nyumba ambayo huenda akainunua karani wa Mombasa.

Wengine husema mzigo huu uachiwe wenye hoteli. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe makazi yanayofaa au posho ya kutosha kuyalipia. Hoteli kadhaa zina vyumba vya wafanyakazi, na kwa kijana aliyetoka Kisumu au Machakos vinamwokolea kodi na nauli. Mimi navikubali kwa wiki za zamu tu. Anayelala kwa mwajiri anapoteza kazi na kitanda siku moja, na hawezi kubishana kuhusu saa za ziada akijua mkewe na watoto watatolewa nje kesho. Posho ni afadhali, mradi iwe inatosha kodi ya Ukunda ya leo.

Kuna upande mwingine usiosikika sana Nairobi. Ardhi ya ufuoni ya Diani ilitoka mikononi mwa Wadigo, wenyeji wa pwani hii, kitambo, na ripoti ya tume ya Paul Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa wenye vyeo kinyume cha sheria. Kwa familia nyingi za wenyeji, vyumba vinne au sita vya kupangisha ndiyo sehemu pekee ya utalii inayoingia nyumbani kwao. Bibi mjane ana vyumba vitano, na kodi yake ndiyo karo ya wajukuu. Serikali ikishusha maghorofa ya kupangisha kwa bei ya chini karibu naye, itamsaidia mpangaji kwa kumnyang'anya yeye. Anayepuuza hilo hajaielewa Ukunda.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sehemu kubwa ya fedha za mpango huu zinazokuja Kwale, kaunti yenye Diani, ijenge vyumba vya kupangisha, si vya kuuza, na nyingine ipeleke maji, mitaro na hati miliki kwenye ploti za wenyeji. Mwenye ploti atakayekubali msaada huo aandikiane kodi isiyopanda kwa miaka kadhaa na asigeuze vyumba kuwa vya wageni wa siku. Vyumba vya serikali viwe na kodi nyepesi Aprili hadi Juni, tofauti ilipwe polepole Agosti na Desemba.

Wapo watakaotaka vigawiwe wenyeji kwanza. Naielewa hasira iliyo nyuma ya dai hilo, lakini kifungu cha 39 cha Katiba kinamruhusu raia kuishi popote nchini. Kigezo kiwe kazi na kipato, na Mdigo anayesafisha vyumba ataingia kwa kigezo hichohicho.

Pesa zaidi zipo ufuoni. Chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, anayetaka kujenga au kubadili matumizi ya kiwanja huomba idhini ya kaunti, na kaunti inaweza kuweka masharti; mojawapo liwe kuchangia nyumba za wafanyakazi. Wawekezaji watalalamika kuwa tayari wanalipa asilimia 1.5 kwa kila mfanyakazi, na ni kweli. Lakini ada hiyo huhesabiwa kwa mishahara, na jumba la kifahari lenye mpishi mmoja na mlinzi mmoja halilipi karibu chochote, ilhali ndilo linalopandisha bei ya kiwanja cha jirani. Sharti lianzie hapo, na hoteli yenye wafanyakazi 200 iachwe ilipe inacholipa sasa.