Wakopeshaji wa simu, mwacheni shangazi yangu

Jamani, nimechoka! Nilikopa shilingi 50,000 kwenye programu moja ya simu nitengeneze cherehani yangu hapa Kisenyi, Kampala. Nimechelewa siku 2 tu, wakampigia shangazi yangu kule Arua: “Mwambie huyo mwizi alipe.” Mwizi! Shangazi ana presha. Namba yake wameichota simuni mwangu.

Tangu Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma namba na picha zetu. Walifanya vema kabisa. Lakini hii haikutoka dukani, niliipata kwa kiungo cha WhatsApp alichonitumia jirani apate bonasi. Jirani, kweli unamuuza shangazi yangu kwa bonasi? Jana kakituma tena.