Mshiriki wa utafiti hapatikani kwa kurusha linki kwenye grupu

Watafiti wengi wanaotafuta watu wa kujitolea hapa Mwanza siku hizi wanaanzia WhatsApp, na wengi wanaanza vibaya. Aya moja, linki chini yake, inarushwa kwenye magrupu kadhaa, kisha kimya. Baadaye ripoti inasema jamii haina mwamko.

Mwamko upo. Kinachokosekana ni sababu ya kukuamini. Mwenye simu katika nchi hii amekwisha kutumiwa "ile hela tuma kwenye namba hii" hadi amechoka, kwa hiyo namba ngeni inayotaja pesa, afya na linki kwa pamoja anaihesabu ya tapeli. Ukitaja damu bila maelezo, wapo watakaokumbuka habari za mumiani.

Anza na admini. Mfuate inbox, mpe nakala ya kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati inayopitia utafiti kabla haujaanza, na jina la ofisi anayoweza kuifikia kwa daladala, kisha mwache aulizie. Tangazo aliweke yeye: ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja, chini yake maandishi mafupi. Kama utafiti ni wa kichocho, sema wazi kwamba kitahitajika choo kikubwa kwenye kikopo, na kwa zaidi ya siku moja. Eleza na sababu: kichocho kilichoenea kando ya ziwa ni cha tumbo, na mayai ya minyoo wake hayatoki kwa wingi uleule kila siku, hivyo kipimo cha mara moja kinaweza kuyakosa. Neno "choo" usilifiche. Wa kushtuka ashtukie kwenye simu, si mbele ya muuguzi baada ya kulipa nauli. Na maneno hayo yawe yamepita kwenye kamati ya maadili; ukiona hayavutii ukataka kuyabadili, rudi kwanza kwenye kamati.

Marejesho ya nauli yatajwe mwisho, bila mbwembwe. Yakitangulia, mtu mmoja atajiandikisha kwa laini tatu. Unapotuma pesa, jina la usajili wa laini huonekana. Lilinganishe na la kwenye fomu, lakini usikimbilie kumfuta mtu, maana wengi wanatumia laini ya mke au kaka. Muulize tu.

Kosa linaloudhi zaidi ni la faragha. Mtu anajibu grupuni "mimi naharisha damu", na mkwe wake yumo humohumo. Mwombe admini afunge grupu kwa saa kadhaa waandike maadmini pekee, majibu yote yaje inbox. Usiwakusanye waliokubali kwenye grupu jipya, kwa sababu kila mmoja ataona namba za wenzake. Tumia orodha ya matangazo (broadcast) ya WhatsApp, ambayo humfikia kila mmoja peke yake, ila waambie kwanza waihifadhi namba yako. Asiyeihifadhi hapati ujumbe. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kuchezea taarifa za afya za mtu si utovu wa adabu tu.

Tarehe nazo zina wenyewe. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana kazi hupungua. Ukiwaita wakati wa giza, asubuhi yao ni ya kulala na kupima mzigo. Waite mwezi ukiwa mpevu.

Hata ukifanya yote hayo, WhatsApp itakuletea wenye simu janja na bando. Mama anayeanika dagaa mchangani na simu yake ya kitochi hatakuona, ilhali miguu yake inaingia majini kila siku. Kwa maoni yangu, utafiti wa magonjwa ya ziwa unaotegemea magrupu peke yake haufai. Grupu likupe mtu mmoja wa kuaminika kwa kila mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kisha huyo akutembeze Igombe au Kayenze kwa miguu. Kwenye fomu ongeza swali moja: taarifa hii umeipata kwa nani? Bila hilo hutajua kama watu wako 60 wametoka mialo sita au ukoo mmoja.